Ukocha wa maisha katika kikundi: faida zake kwa kocha na kwa mteja, kama nilivyoziona Mbeya

#1. Mleta uzi (Mbeya)

Ndugu zangu, kwa miaka saba nimekuwa nikifanya kazi ya ukocha wa maisha hapa Mbeya, na katika miaka mitatu ya mwisho sehemu kubwa ya kazi hiyo nimeifanya na vikundi vya watu wanane badala ya mteja mmoja mmoja. Nimeulizwa mara nyingi, na makocha wenzangu na hata wateja, kama kikundi si ujanja wa kocha wa kukusanya fedha za watu wengi kwa mkupuo. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa hesabu hapo chini, lakini kabla ya fedha ningependa kueleza kinachotendeka ndani ya kikundi, kwa sababu humo ndimo ilimo faida yenyewe.

Niseme kwanza ninazungumzia nini. Watu wengi wakisikia neno kocha huwaza uwanja wa Sokoine na mpira, na wakisikia kocha wa maisha humwaza mhamasishaji wa ukumbini anayepaza sauti na kuwaamuru wasikilizaji wamgeukie jirani wamwambie kwamba mwaka huu ni wao. Kikundi ninachokizungumzia hakina jukwaa wala kipaza sauti. Ni watu wasiozidi wanane, walioingia pamoja na watakaotoka pamoja, wanaokutana Jumamosi nane mfululizo kwa saa mbili, kila mmoja akiwa na jambo lake analotaka kulisogeza: mmoja anataka kuacha ajira akalime parachichi Rungwe, mwingine amestaafu na hajui anaamka asubuhi kwa ajili gani, mwingine amekosana na ndugu zake juu ya nyumba ya urithi. Kocha hatoi ushauri; huuliza, husikiliza, hulinda muda, na huhakikisha hakuna anayekimeza kikao peke yake. Wala hii si tiba. Mtu mwenye huzuni nzito isiyomtoka, au anayewaza kujidhuru, namwomba aende kwa wataalamu wa afya ya akili hospitalini, na simpokei kikundini kwa wakati huo.

Wapo wanaodhani kwamba kikundi kilibuniwa ili kumpunguzia mtu gharama, kisha watu wakatafuta sifa za kukipamba. Kuhusu mwanzo wake hawajakosea. Mwaka 1905 daktari Joseph Pratt wa Boston, Marekani, aliwakusanya wagonjwa wa kifua kikuu ambao hawakuwa na uwezo wa kulipia matibabu ya kulazwa mbali na mji, akawa akikutana nao kila wiki, kila mgonjwa akija na daftari alimoandika joto la mwili wake, alichokula na muda aliopumzika. Nia yake ilikuwa kuwafundisha wengi kwa pamoja. Kilichomshangaza ni kwamba wagonjwa walipata nguvu kutoka kwa wagonjwa wenzao, pengine kuliko walivyoipata kutoka kwake, na mkutano ule huhesabiwa kuwa miongoni mwa chimbuko la tiba ya kikundi. Umaskini ndio uliowakutanisha, lakini faida waliyoipata wasingeipata hata kama kila mmoja angekuwa na daktari wake.

Kwa upande wangu, nilijifunza zaidi kutoka kwenye shamba darasa kuliko kutoka kwenye kozi ya ukocha. Aliyekulia karibu na kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, hapa Mbeya, anajua ninachokisema. Utaratibu huo ulianzia katika mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989, chini ya shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na msingi wake ni kwamba wakulima hukutana shambani kila wiki kwa msimu mzima, huhesabu wadudu kwa macho yao, hubishana, kisha huamua wenyewe kama kuna haja ya kupulizia dawa. Bwana shamba yupo, ila kazi yake ni kuuliza: mmeona nini, kwa nini upande huu majani yamekuwa ya njano na upande ule hapana? Mkulima aliyeligundua jambo kwa namna hiyo hahitaji kukumbushwa msimu unaofuata.

Sasa nitoe mfano mmoja, ambao mwenyewe ameniruhusu kuusimulia, nami nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Alikuwapo mhasibu aliyekuja kwangu peke yake kwa vikao vinne, na jambo lake kila mara lilikuwa muda: alitaka kufanya mitihani ya bodi ya wahasibu na alikuwa hapati nafasi ya kusoma. Tukapanga ratiba, ikavunjika, tukaipanga upya, ikavunjika tena. Baadaye akajiunga na kikundi, na humo alikaa karibu na mama mmoja anayeuza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa. Katika kikao cha tatu mama yule alieleza kwamba mtaji wake haumalizwi na hasara bali na simu, kwa maana kaka yake hupiga kila anapokwama, naye hajawahi kuweza kulitamka neno "sina". Hakuwa akimsema mhasibu. Alikuwa akijisemea mambo yake. Mhasibu akainama, akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe mimi sikosi muda. Mimi siwezi kumkatalia mtu." Kazi za wenzake ofisini zilikuwa zikimfuata nyumbani kila jioni kwa sababu aliyeziomba aliziomba kwa upole. Maswali yangu ya vikao vinne hayakuwahi kufika pale, kwa kuwa mimi nilimuuliza juu ya muda na yeye akanijibu juu ya muda.

Hiyo kwangu ndiyo faida ya kwanza, na nyingine zote huja nyuma yake: mtu huisikia habari yake kwenye kinywa cha mwingine, wakati ambapo hana haja ya kujitetea. Kocha akikuuliza moja kwa moja, unajipanga. Mwenzako akijieleza, unajikuta umesikia kabla hujajipanga. Na yule mama wa mchele, alipoambiwa kwamba maneno yake yamemfungua mtu mwenye shahada, alirudi Jumamosi iliyofuata akiwa tofauti. Hakuwa tena mtu aliyekuja kusaidiwa tu.

Faida ya pili ni ahadi. Kila kikao hufungwa kwa kila mmoja kutamka jambo moja atakalolifanya kabla ya Jumamosi ijayo na kuliandika kwenye daftari. Ahadi anayopewa kocha huvunjika kirahisi: mteja hutuma ujumbe kwamba amepata udhuru, na kocha, kwa kuwa analipwa, humwelewa. Iliyotolewa mbele ya watu saba ina uzito mwingine, hasa ikiwa mmoja wao ndiye mwenzako mliyepangwa pamoja wiki hiyo, atakayekupigia simu Jumatano jioni. Wapo ambao hutimiza ahadi zao Ijumaa saa nne usiku kwa kuogopa Jumamosi asubuhi, nami sioni ubaya wowote.

Kuhusu fedha, hesabu zangu ni hizi. Mteja wa peke yake hulipa shilingi 40,000 kwa saa, yaani 320,000 kwa vikao vinane, na fedha hiyo mwalimu au muuguzi mwenye watoto shuleni hawezi kuitoa bila kuumia. Kikundini mtu hulipa 12,000 kwa kikao, yaani 96,000 kwa vikao vyote vinane, kwa awamu mbili. Watu wanane wananipa 96,000 kwa kikao cha saa mbili. Nikitoa 15,000 za ukumbi na 8,000 za chai na maandazi, nabaki na 73,000. Wateja wawili wa peke yao kwa saa hizo hizo wangenipa 80,000. Mnaona kwamba sitajirikii hapo. Ninachokipata ni utulivu: wateja wa peke yao huahirisha, hasa Juni na Julai baridi inapokaza na wakati wa mavuno, na kocha hubaki na saa tupu asiyoweza kumuuzia mtu, ilhali kikundi hukutana hata wakikosekana wawili.

Naomba mawazo ya wengine, hasa ya wale walioijaribu njia hii ikawashinda.

#2. Mchangiaji wa Iringa

Kamwene. Mimi ni kocha pia, na ni mmoja wa hao walioshindwa, kwa hiyo nitasema yaliyonikuta.

Kaka, umeandika vizuri, lakini umelipita kimya jambo ambalo katika miji yetu ndilo kubwa kuliko yote. Iringa si Dar es Salaam. Ukiwakusanya watu wanane pale Kihesa, wawili wamesoma pamoja, mmoja ni shemeji wa mwingine, na wa nne anasali kanisa moja na mama mkwe wa wa tano. Katika kikundi changu cha pili, dada mmoja alisema Jumamosi kwamba anafikiria kuacha kazi, na Jumanne mkuu wake akamwita kumuuliza kama ni kweli. Hatukumjua aliyetoa maneno nje, na pengine hakuyatoa kwa ubaya. Huenda alimsimulia mkewe tu. Yule dada hakurudi, nami sikuwa na uso wa kumpigia simu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nakubali, lakini hawakusema tuuanike sokoni. Tangu siku ile nimerudi kwa mteja mmoja mmoja. Ningependa kujua wewe unafanyaje, na sitaki kuambiwa kwamba washiriki wanaapa kutunza siri, kwa sababu wangu nao waliapa.

#3. Mleta uzi

Dada, umenishika palipo na kidonda, na nakiri kwamba nililipita kwa sababu sina jibu kamili.

Ninayoyafanya ni haya. Kabla ya kikundi kuanza huzungumza na kila mtu peke yake kwa nusu saa, kisha, kwa ridhaa ya wote, kila mmoja huoneshwa orodha yenye jina la kwanza la kila mwenzake, mtaa wake na mahali anapofanya kazi, naye ana haki ya kuniambia "huyu hapana" bila kutoa sababu. Nikisikia hivyo, namhamishia mmojawapo kikundi kingine. Sichanganyi watu wa ofisi moja, wa ukoo mmoja, wala wa kwaya moja. Kwaya nimeiongeza baada ya kuungua. Kundi la WhatsApp tunalo, lakini ni la kutaja saa na mahali tu, na mtu akianza kueleza mambo yake mle, mimi humwomba ayafute.

Kuhusu kiapo nakubaliana nawe kwamba hakitoshi, na pengine kinadanganya, kwa kuwa mtu akishaapiwa hujiachia kuliko inavyofaa. Siku hizi nawaambia wazi katika kikao cha kwanza kwamba mimi naweza kujifunga mwenyewe kutunza siri, lakini siwezi kuwadhamini watu saba, kwa hiyo asiseme mtu neno ambalo asingeweza kulivumilia likimrudia kutoka kwa jirani. Nilidhani maneno hayo yangewafunga watu midomo. Badala yake wameanza kuchagua: mambo ya kazi, fedha na mipango huletwa kikundini, na ya chumbani huletwa kwangu faraghani, katika vikao viwili vya peke yao ninavyowapa katikati ya msimu bila malipo ya ziada. Hiyo nayo ni gharama ambayo sikuiweka kwenye hesabu ya mwanzo.

Na wapo watu ambao mji mzima unawafahamu, kama wakuu wa taasisi na viongozi wa dini. Hao nawaunganisha kwa simu na wenzao wa Njombe, Songea na Sumbawanga. Mtandao hukatika na mvua hupiga kelele juu ya bati, lakini hawakutani sokoni kesho yake.

#4. Mwalimu mstaafu (Mbeya)

Wanangu, mimi nilikuwa mteja, si kocha, na kikundi nilichoingia hakikuwa cha mleta uzi.

Wiki tatu za kwanza niliijutia fedha yangu. Nilikuwa nimelipa nisaidiwe, nami nikajikuta nawafundisha vijana wa miaka thelathini namna ya kuishi, kama nilivyofanya darasani kwa miaka 34. Wiki ya nne kocha aliniomba, kwa adabu, nikae kikao kizima bila kusema sentensi yoyote isiyo swali. Sijawahi kupewa kazi ngumu kama ile. Nilirudi nyumbani nikamuuliza mume wangu maswali mawili na kumsikiliza, na yeye akaniuliza kama naumwa. Hilo kocha wa peke yangu asingeligundua, kwa sababu mbele ya mtu mmoja ningekaa kama mwanafunzi mwema na kujibu ninachoulizwa; mbele ya watu saba tabia yangu ilitoka yenyewe.

Lawama yangu ni moja. Alikuwapo bwana mmoja mwenye maneno mengi, na kocha alichelewa sana kumkatisha, nadhani kwa kuwa bwana yule alikuwa mtu mzima kumzidi. Heshima kwa wakubwa ni nzuri, lakini kocha anayeona haya kumwambia mzee kwamba muda wake umekwisha asianzishe kikundi.

#5. Mchangiaji mwingine (Mafinga)

Ndugu mleta uzi, mimi ni mtu wa mbao, nimezoea kuona watu wakibeba kwa pamoja, na ninajua kwamba gogo likibebwa na wanane, wawili huwa wanalishika tu. Kuna mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, ambaye matokeo ya majaribio yake ya kuvuta kamba yalichapishwa mwaka 1913, na aliona kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka ndivyo kila mmoja alivyovuta kidogo zaidi. Wanane kwa pamoja walifikisha takriban nusu tu ya jumla ya nguvu zao. Wewe nawe unao wanane. Nani anatuhakikishia kwamba wanne kati yao hawaji kunywa chai?

#6. Mleta uzi

Kaka, hoja ni nzuri, na baadhi yao hakika huja kunywa chai. Kwa baridi ya huku siwalaumu.

Lakini iangalie kamba yenyewe. Kwa Ringelmann kamba ilikuwa moja, na aliyelegeza mkono hakuonekana kwa sababu kilichopimwa ni mvuto wa wote. Gogo la Mafinga ni hivyo hivyo. Katika ukocha wa kikundi kila mtu ana kamba yake: wewe unasogeza shamba lako, mwenzako mtihani wake, na mwisho wa kikao daftari la kila mmoja lipo wazi. Anayelegeza anaonekana, na hasara ni yake. Hoja yako ingenibana zaidi kama tungekuwa tunazungumzia ukocha wa timu, ambamo watu wa idara moja wana lengo moja la pamoja. Wengi huzichanganya kazi hizi mbili, na mwajiri akiniomba kikundi kwa ajili ya ofisi yake, mimi humwambia mapema kwamba hicho ni kitu kingine.

Hata hivyo idadi ina mpaka wake. Mwaka jana nilikubali watu 14 kwa sababu ya kuona haya kuwakatalia (mhasibu angenicheka), na kila nilichokieleza hapo juu kikatoweka: wanne walizungumza, kumi wakatikisa vichwa, nami nikajikuta nimesimama mbele yao natoa mada. Nilikuwa nimefungua semina bila kujua. Saa mbili zikigawiwa watu wanane humpa kila mmoja robo saa. Zikigawiwa 14 hazifiki hata dakika tisa, na katika dakika tisa mtu wa kwetu bado anasalimia.

#7. Kocha chipukizi (Tukuyu)

Ndaga fijo kwa uzi huu. Kaka, nimemaliza mafunzo ya ukocha mwaka jana na nina wateja watatu tu. Ninataka kutafuta cheti cha ICF, lile shirikisho la kimataifa la makocha. Je, kikundi kitanisaidia kukusanya saa kwa haraka, au nianze kwanza na mteja mmoja mmoja hadi nikomae?

#8. Mleta uzi

Mdogo wangu, usiingie kikundini kwa tamaa ya saa. Ngazi ya kwanza ya ICF huhitaji saa 100 za ukocha, ya pili 500 na ya tatu 2,500, na saa moja uliyokaa na watu wanane huhesabiwa saa moja, si nane. Unachokipata haraka ni idadi ya wateja uliowahudumia, na masikio. Katika mazungumzo ya wawili kocha akiuliza swali bovu, mteja huling'ang'ania kwa adabu na kulijibu. Kikundini swali bovu huanguka katikati ya chumba na hakuna anayeliokota. Mimi nimeacha maswali mengi ya kitabuni kwa sababu ya ukimya wa namna hiyo.

Anza na watu watano, na uanze ukiwa na kocha mwingine pembeni, mmoja akiongoza na mwingine akiangalia nani hajasema. Pia utafute kikundi chako mwenyewe, maana kinyozi hajinyoi. Sisi tupo makocha sita, watatu kutoka Mbeya na watatu kutoka Iringa na Njombe, na kila baada ya miezi miwili tunakutana Makambako, ambako njia zetu zinakutana na pia nauli haimuumizi mmoja kuliko mwingine. Hatufundishani. Mmoja huleta jambo lake na watano huuliza. Dada wa #2, nafasi ya saba ipo ukiitaka, na hakuna kati yetu anayeishi Kihesa.

Mwezi ujao zamu ya kuleta jambo ni yangu. Nilikuwa nimepanga kuwaletea habari ya bei, lakini baada ya kumsoma mwalimu wetu wa #4 nadhani nitawaletea ile ya wazee ninaoshindwa kuwakatisha.